Dakika nane za "amezimia tu": kisa cha sukari iliyoshuka kwenye kiti cha meno

Kisa hiki ni changu. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika koleo, na makosa mengi yaliyomo ni yangu. Mgonjwa na binti yake walikubali nikieleze, nami nimeondoa yote yanayoweza kumtambulisha. Nyakati ninazotaja sikuzikisia: mashine yetu ya presha huhifadhi saa ya kila kipimo, na simu ya mapokezi inaonyesha ilipigwa lini. Bila vitu hivyo viwili ningeapa kwamba yote yalichukua dakika tatu.

Alikuwa mzee wa miaka 67, amekuja kung'olewa gego la chini kushoto lililooza hadi kwenye mzizi. Jino hilo lilikuwa limemnyima usingizi siku tatu. Fomu ya historia ya afya aliijaza mwenyewe, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Kisukari, ndiyo. Presha, ndiyo. Mzio wa dawa, hapana. Dawa anazotumia: glibenklamidi ya sukari na atenololi ya presha. Niliisoma fomu, nikapima presha, nikapata 148 kwa 86, mapigo 62. Nikaridhika, tena nikamsifu kwa utulivu, maana wengi wanaokalia kiti kile moyo huwadunda kama wametoka mbioni.

Miadi yake ilikuwa saa tatu asubuhi. Aliingia saa tano kasoro dakika kumi, kwa sababu mgonjwa aliyemtangulia jino lilimvunjikia mzizi na nikatumia karibu saa nzima kuuchimbua. Kuchelewa huko kulikuwa kwetu, na mzee hakulalamika. Alikaa kwenye benchi na binti yake, shavu likiwa ndani ya kiganja.

Nilimpiga ganzi ya kuzuia neva ya taya la chini, katriji (kichupa kidogo cha sindano ya ganzi) moja na nusu ya lidokaini asilimia 2 yenye adrenalini moja kwa 80,000. Nilivuta nyuma kwanza kuhakikisha sindano haiko ndani ya mshipa. Ganzi ikashika vizuri. Wakati tunangoja nilimuuliza mambo mawili matatu, akanijibu "mm" na "mm-hm", nami nikayachukulia majibu hayo kuwa ya mtu ambaye ulimi umekufa ganzi. Nikaanza kazi. Msaidizi wangu alikuwa ameshika mpira wa kunyonya mate kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akawa anamfuta mzee jasho la kipaji kwa karatasi laini. Alimfuta mara mbili. Mara ya tatu akasema kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi kwa kuingilia, "Dokta, shati la mzee limelowa."

Nikamjibu bila kuinua macho: "Hofu hiyo. Tunamaliza sasa hivi."

Jino lilitoka zima, mizizi yote miwili. Nikakunja pamba, nikaiweka juu ya shimo, nikamwambia, "Baba, ng'ata hapo, kwa nguvu kidogo." Hakung'ata. Nikarudia. Akanitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini katika nyumba asiyoijua. Halafu macho yakafumba, kichwa kikalala upande.

Hapo ndipo saa inaanza.

Nililaza kiti papo hapo na kuinua miguu yake. Kwa hilo sijilaumu. Mikono ilijua kazi yake. Oksijeni ilifika usoni baada ya dakika moja hivi. Nilishika mshipa wa shingo, mapigo yapo, yanakwenda polepole, kama 60. Nikamwambia msaidizi maneno ambayo kila daktari wa meno ameyasema mara nyingi kuliko anavyokumbuka: "Amezimia tu. Atarudi."

Maneno hayo yana sababu. Kuzimia kwa hofu au kwa kuona sindano ndiyo dharura ya kawaida kuliko zote katika kazi yetu. Neva ya vagasi inapopewa mshtuko, mapigo hushuka, mishipa hulegea, presha huanguka, ubongo hukosa damu kwa muda, mtu hulegea. Ukimlaza na kuinua miguu, damu hurudi kichwani, naye hufungua macho ndani ya sekunde kadhaa, aghalabu kabla dakika haijaisha, akiwa na aibu na kuomba maji. Nimeona hivyo mara zisizohesabika. Kwa hiyo macho yangu yalipoona mtu mwenye jasho, mapigo ya polepole na mwili uliolegea, jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa kabla sijaliuliza swali.

Dakika ya pili mzee hajarudi, akaanza kukoroma. Msaidizi akainama, akamfungua kinywa, akaingiza vidole viwili vyenye glavu na kutoa ile pamba. Ilikuwa imelowa damu, imejisokota, imeteleza hadi nyuma ya ulimi. Akaitupa kwenye sinia, akaingiza kinyonya mate, akavuta damu na mate mazito. Mkoromo ukapungua. Mimi nilikuwa nimesimama kichwani pake muda wote huo, nimeshika taya, na sikuikumbuka pamba ambayo nilikuwa nimeiweka kwa mikono yangu mwenyewe dakika mbili kabla.

Jambo hili silikuti katika mafunzo ya huduma ya kwanza tunayopewa, kwa sababu mafunzo hayo huandaliwa kwa watu wote. Mtu anayeanguka barabarani hana kitu kinywani. Anayeanguka kwenye kiti chetu anaweza kuwa na pamba, kipande cha jino, rola za pamba shavuni, kizuizi cha meno, hata meno ya bandia tuliyomwachia kwa heshima. Shimo la jino linavuja damu, nusu ya ulimi haina hisia, na koo limeelekezwa juu. Kabla ya kusema "fungua njia ya hewa", kwetu kuna hatua iliyotangulia: toa kila ulichoweka.

Mashine ya presha ilisoma 152 kwa 80.

Namba hiyo niliiona. Mashine inasema niliipima dakika ya pili na nusu, na nakumbuka nikiitazama. Ilikuwa inaniambia waziwazi kwamba mtu huyu hakuzimia. Aliyezimia presha yake imeanguka. Aliyepatwa na mshtuko wa mzio presha yake pia huanguka. Huyu presha yake ilikuwa juu kidogo kuliko alivyoingia. Lakini mimi nilikuwa natafuta namba ya kunithibitishia nilichokwisha kuamini, na hii haikunisaidia, kwa hiyo niliipita kama mtu anavyompita jirani asiyetaka kusalimiana naye.

Dakika ya tatu nikabadili mawazo, ila nikayapeleka kusiko. Nilifikiri ganzi. Ndivyo ilivyo kwetu: mgonjwa akibadilika, mtu hushuku kitu cha mwisho alichokifanya yeye. Nikatafuta vipele, hakuna. Midomo haikuvimba. Kifua hakikulia filimbi. Katriji moja na nusu ni kama miligramu 54 za lidokaini, kiasi kidogo mno kumdhuru mtu mzima isipokuwa iingie moja kwa moja kwenye mshipa, na ingeingia tungemwona akibadilika mara tu baada ya sindano, si dakika kumi na tano baadaye. Hata hivyo nilimwambia msaidizi aandae adrenalini, dawa ya mshtuko wa mzio.

Hapa nichepuke kidogo, kwa sababu katika mazungumzo ya baadaye mwenzetu mmoja mchanga aliuliza: kama ingekuwa mzio, na adrenalini ya dharura haipo, si tuna adrenalini ndani ya ganzi? Tupige hesabu. Adrenalini ya moja kwa 80,000 ni mikrogramu 12.5 kwa kila mililita. Katriji ya mililita 1.8 ina mikrogramu 22.5. Dozi ya mtu mzima mwenye mshtuko wa mzio ni mikrogramu 500, yaani nusu mililita ya adrenalini ya moja kwa 1,000, ndani ya msuli wa paja, irudiwe baada ya dakika 5 kama hakuna nafuu. Kuipata dozi hiyo kwa katriji za ganzi unahitaji 22, pamoja na lidokaini karibu miligramu 800 ndani yake. Hakuna njia ya mkato hapo. Adrenalini ya dharura ama ipo au haipo.

Turudi kwa mzee. Dakika ya nne, msaidizi, ambaye kwa wakati ule alikuwa ameshanitangulia, akauliza: "Dokta, si ana sukari?"

Nikasema kilete kipimo. Kipimo kilikuwa ndani ya sanduku la dharura, sanduku lilikuwa juu ya kabati katika chumba cha kuchemshia vyombo, na mbele yake palikuwa na katoni mbili za glavu. Lilifika. Mashine ikawaka. Vijiti vya kupimia vilikuwa kwenye kichupa chao, tarehe ya mwisho bado miezi mingi. Nikamchoma kidole, tone likatoka, nikaligusisha, mashine ikaandika alama ya kosa. Kijiti cha pili, kosa. Cha tatu, kosa. Baadaye tuligundua kwamba kichupa kilikuwa kimefunguliwa zamani, na kifuniko hakikubana. Vijiti vile huharibiwa na unyevu wa hewa. Kichupa cha aina nyingi kikifunguliwa, tarehe iliyochapishwa haihesabiki tena, unahesabu miezi michache tangu siku ya kukifungua. Hakuna aliyeandika siku hiyo. Kila mwisho wa mwezi tulikuwa tunaweka alama ya vema mbele ya neno "kipimo cha sukari", na alama hiyo ilikuwa ya kweli: kipimo kilikuwepo.

Msaidizi akatoka mbio hadi kwenye benchi. Nilimsikia kupitia mlangoni: "Dada, baba amekula nini leo?"

Na binti akajibu: "Baba leo hajatia kitu mdomoni ila dawa zake. Jana pia ni uji kidogo tu, anasema jino halipitishi chochote. Nilimwambia ale, akasema akienda hospitali kupimwa sukari huwa wanamwambia aende bila kula."

Jibu lote lilikuwa limekaa nje ya mlango wangu kwa karibu saa mbili.

Dakika ya tano mapokezi wakapiga simu ya gari la wagonjwa. Walichosema ni "tuna mgonjwa amezimia", kwa sababu ndilo neno walilonisikia nikilisema. Wakati huohuo mtu mwingine, kwa nia njema kabisa, akaja na chupa ya soda iliyofunguliwa. Msaidizi akamzuia kwa mkono: "Hamezi huyo." Katika asubuhi nzima, pengine hilo ndilo neno lililookoa zaidi. Mtu asiyejitambua, ulimi nusu una ganzi, koo lina damu, ukimmiminia soda inakwenda mapafuni.

Kijiti cha kupimia hakikutupa namba, na hapo nikakumbuka jambo moja sahihi: ukishuku sukari imeshuka na huwezi kupima, tibu. Kumpa sukari kidogo mtu ambaye kumbe ilikuwa juu hakumdhuru sana. Kumnyima yule ambaye imeshuka kunaweza kumharibu ubongo au kumuua. Tulikuwa na glukagoni, dawa ya sindano ya kupandisha sukari. Ilikuwa kwenye friji, mahali pake, haijapitwa na wakati. Ni kichupa cha unga na sindano yenye maji ya kuchanganyia. Sikuwahi kuichanganya maishani. Nilisimama nikisoma karatasi ya maelezo yenye maandishi madogo kama sisimizi, nikaingiza maji, nikatikisa, nikavuta, nikaona povu, nikarudisha, nikavuta tena. Miligramu 1 ikaingia kwenye msuli wa paja dakika ya nane.

Tukamgeuza ubavu wa kushoto, upande wa kidonda, ili damu itoke shavuni badala ya kurudi kooni, na kwa sababu glukagoni mara nyingi hutapisha. Kumgeuza mtu mzito juu ya kiti cha meno si kazi ya kitabuni. Mkono wa kiti ulituzuia hadi mtu alipokumbuka kwamba unainuka.

Kisha tukangoja, na hakuna kikubwa kilichotokea. Dakika ya kumi na tano alikunja uso nilipomfinya bega. Hakufungua macho. Gari lilifika dakika ya 21. Kipimo chao kilisoma 1.9, yaani milimoli kwa lita. Kwa wanaotumia kipimo kingine ni kama miligramu 34 kwa desilita. Chini ya 4 tayari ni sukari iliyoshuka. Chini ya 3 ni hatari. Waliweka kanula, bomba dogo la kwenye mshipa, mkononi, wakatundika glukosi asilimia 10, na baada ya dakika kama tano mzee akafungua macho, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwa ulimi mzito:

"Jino limetoka?"

Swali la kwanza katika uchambuzi huu ni kwa nini glukagoni haikufua dafu. Glukagoni haileti sukari. Inaliambia ini litoe sukari lililoweka akiba. Mtu aliyekula uji kidogo kwa siku tatu, ini lake lina akiba gani? Zaidi ya hapo, dawa iliyomshusha ni glibenklamidi, ambayo kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini, na glukagoni nayo huchochea insulini, kwa hiyo unamwaga maji ndoo ikiwa imetoboka. Hata hivyo kuitoa ilikuwa sahihi, kwa kuwa bila njia ya mshipa hatukuwa na kingine. Ila ilinifunza kutoipiga na kukaa nikingoja muujiza.

La pili ni kwa nini mzee huyu na si wengine wengi wenye kisukari waliopita. Yule aliyekuwa anatumia metfomini peke yake angekuja na njaa, akarudi na njaa; metfomini yenyewe ni nadra kushusha sukari hivyo. Wanaotuhusu sana ni wa insulini na wa kundi la glibenklamidi. Dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, na figo zikilegea hukaa zaidi. Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani imeandika wazi kwamba glibenklamidi haifai kwa watu waliozidi miaka 60. Hospitali walimlaza usiku, na vizuri walifanya, maana sukari ilishuka tena saa za usiku na wakairudisha. Vipimo vikaonyesha figo zimepungua nguvu. Akatoka na dawa nyingine.

La tatu ndilo linalonikera hadi leo: mapigo. Sukari ikishuka, mwili humwaga adrenalini, mtu hutetemeka na moyo hukimbia. Tunafundishwa kutafuta dalili hizo. Mzee alikuwa anakunywa atenololi. Dawa hiyo huziba milango ambayo adrenalini hupitia kuufikia moyo, kwa hiyo mapigo yalibaki 60 na mikono haikutetemeka. Lakini jasho haliendi kwa njia hiyo. Neva za tezi za jasho hutumia kemikali nyingine, asetilikolini, na atenololi haina habari nayo. Kwa mgonjwa wa aina hii, jasho linaweza kuwa kengele pekee iliyobaki inayolia. Msaidizi aliisikia, akanieleza kwa maneno manne, nami nikaizima.

Na mapigo 62 niliyoyasifu pale mwanzoni yalikuwa ya dawa tu, wala si ya moyo mtulivu. Fomu ilikuwa mkononi mwangu.

Nikiangalia orodha ya vifaa, tulikuwa tumejiandaa. Oksijeni, adrenalini, aspirini ya miligramu 300, dawa ya kupulizia chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua, salbutamoli ya pumu, midazolamu kwa degedege, glukosi ya kunywa, glukagoni. Mkaguzi angetupa alama nzuri. Cheti cha mafunzo ya kuokoa maisha kilikuwa ukutani kwenye fremu. Uingereza, Baraza la madaktari wa meno linataka wawepo angalau watu wawili wa kushughulikia dharura kila matibabu yanapofanyika, na linapendekeza saa 10 za mafunzo ya dharura katika kila mzunguko wa miaka mitano, zisizopungua 2 kwa mwaka. Ni kanuni nzuri. Lakini ujuzi wa mikono huanza kufifia ndani ya miezi michache baada ya mafunzo, na saa mbili za mwaka mzima haziwezi kukufundisha kuichanganya glukagoni huku mtu anakoroma mbele yako. Mimi nilikuwa na saa zangu zote.

Tulipokaa kulijadili, nilitaka kuanza na vijiti vya kupimia, kwa sababu vijiti havina wa kumuumiza moyo. Msaidizi akaturudisha nyuma zaidi. Alisema: hata kijiti kingefanya kazi, tungekitumia dakika ya nne, na mzee alikuwa anatoka jasho tangu kabla jino halijatoka. Alikuwa na haki. Dakika nane hazikupotea juu ya kabati. Zilipotea kwenye neno "tu" ndani ya "amezimia tu".

Kwa hiyo la kwanza tulilobadilisha ni lugha. Anayelala kwenye kiti chetu sasa haitwi "amezimia" mpaka aamke. Tunasema "hajitambui", na aliye karibu na saa anaanza kuhesabu kwa sauti. Ikifika dakika moja, kila mtu anaruhusiwa kusema "huyu hakuzimia", hata aliyeanza kazi jana. Ikifika mbili, simu imeshapigwa, na mpigaji anasema: hajitambui, anapumua au hapumui, ana kisukari au moyo au hana. Kipimo cha sukari hakisubiri mtu akikumbuke. Kila asiyejitambua anachomwa kidole, awe na kisukari au asiwe nacho.

Kuhusu maswali, fomu ilibaki ilivyo, maana fomu haikukosea. Tuliongeza maswali ya kuuliza kwa mdomo, mgonjwa akiwa ameshakaa na mimi sijavaa glavu: umekula nini, saa ngapi, dawa umemeza saa ngapi. Anayetumia insulini au dawa za kundi la glibenklamidi anapimwa kabla ya ganzi, na akiwa chini ya 4 hapati sindano, anapata glukosi ya kunywa gramu 15 hadi 20 na kupimwa tena baada ya dakika 15. Anapochukua miadi anaambiwa waziwazi ale kama kawaida na ameze dawa kama kawaida, kwa kuwa ganzi ya kinywani haihitaji tumbo tupu. Na kama jino limemzuia kula, hilo ni jambo la kutupigia simu kabla ya kumeza dawa, tumwelekeze kwa daktari wake. Wagonjwa hawa ndio wa kwanza asubuhi. Mtu mwingine jino likimvunjikia, wao hawasogezwi.

Nimeongeza pia tahadhari moja ambayo haihusiani na mzee huyu, ila ilinijia nilipokuwa nasoma kwa ajili yake: jeli ya mikonazoli tunayoandika kwa fangasi wa kinywa huzidisha nguvu za dawa hizi za sukari. Nimeiandika miaka mingi bila kuuliza.

Mtungi wa oksijeni nao tuliupigia hesabu. Wetu una lita 340. Kwa lita 15 kwa dakika unakaa dakika 22 na ushee. Gari lilifika dakika ya 21. Sukari iliyoshuka haitibiwi kwa oksijeni, lakini siku moyo wa mtu utakaposimama dakika hizo zitahesabiwa, na mtungi wa pili sasa umesimama pembeni mwa wa kwanza, na ufunguo wake umefungwa kwa mnyororo, kwa sababu kwenye zoezi la kwanza ufunguo haukuonekana.

Mazoezi ndiyo yaliyobaki kuwa magumu. Tunafanya mara moja kwa mwezi, dakika kumi, kabla ya mgonjwa wa kwanza. Mmoja anakuwa mgonjwa, wengine hawaambiwi ana nini. Dawa zilizopitwa na wakati hatuzitupi tena moja kwa moja. Glukagoni ya zamani inachanganywa na mtu tofauti kila mara, na hachomwi mtu. Mara ya kwanza, tangu kutoa kichupa hadi sindano kuwa tayari, ilituchukua karibu dakika tatu. Sasa ni chini ya moja. Kiti tunakilaza, mkono wa kiti tunauinua, na kama zoezi ni la moyo uliosimama tunasukuma kigoda chini ya mgongo wa kiti ili kisiyumbe wakati wa kukandamiza kifua.

Katika zoezi la mwezi uliopita mgonjwa alikuwa dada wa mapokezi, na alikuwa ameng'ata pamba. Sukari ilipimwa ndani ya sekunde arobaini. Simu ilipigwa kwa maneno sahihi. Pamba ilibaki kinywani dakika moja na nusu, hadi yeye mwenyewe alipoitema akicheka.

Niliyekuwa nimesimama kichwani pake ni mimi.